Analipwa apotee, anaona haya kupotea

Mwandishi wa habari hii hajawahi kupotea njia tangu azaliwe. Mpe mtaa, mpe kichochoro, atafika. Ndiyo maana asubuhi ya Jumatano alipanda ngazi bila kuuliza mtu, akaketi robo saa nzima akimsubiri mtaalamu wa michezo ya kompyuta, mpaka msichana mwenye koti jeupe alipomwambia afungue kinywa aonyeshe jino linalouma. Ofisi ya michezo ilikuwa jengo la pili. Kosa si lake. Miwani yake ilikuwa kwa fundi.

Saa mbili na nusu asubuhi. Juu ya duka la vipuri vya baiskeli, mwanamume wa miaka arobaini na saba ameketi pekupeku, goti lake la kulia limepumzishwa juu ya kiti cha plastiki. Mbele yake kuna kioo cha kompyuta kikubwa kama mlango wa kabati. Ndani ya kioo kuna ukungu, na ndani ya ukungu tarishi mwenye joho la kijani anatembea peke yake katika matete yaliyompita kimo.

Tarishi anasimama. Anageuka. Anatembea tena. Anakuta kisima kilichozibwa kwa mawe.

"Kisima hiki nimeshakiona," anasema mtu yule kwa sauti ya chini. "Hii mara ya tatu."

Anaweka mezani kishikio chenye vitufe ambacho wenzake wanakiita pedi. (Mwandishi ana umri wa kujua pedi za aina nyingine, kwa hiyo hakuuliza zaidi.) Anavuta daftari la shule, anaandika tarehe, saa na mahali. Kisha kalamu inabaki hewani muda mrefu kuliko neno lililobaki linavyostahili. Mwishowe analiandika, kwa herufi ndogo kama za mtu anayeibia mtihani.

Nimepotea.

Huyo ndiye Dira. Jina alilopewa na baba yake analo, lakini ameomba lisitokee gazetini. "Aibu ya jina la utani inanitosha, bibi," anasema. "Ya baba yangu tuiache ipumzike."

Kazi ya Dira haijapata jina zuri bado. Katika karatasi ya mshahara ameandikwa "mjaribu mchezo". Ukweli ni kwamba analipwa apotee. Anatembea kutwa, saa nane kwa siku, katika nchi ambayo haipo, yenye milima, mabonde, vijiji arobaini na tatu na malkia mmoja anayesubiri barua. Kila anapoipoteza njia, aandike. Mahali palipomshinda yeye, wachoraji na waandishi wa mchezo wanaenda kupatengeneza, ili atakayeununua mchezo asije akauzima kwa hasira.

Mshahara unalipa vyumba viwili vya kupanga na karo ya binti mmoja. Bahati mbaya mabinti zake ni mapacha. Karo ya wa pili inalipwa na mkewe, anayepiga pasi katika duka la dobi mtaa wa nyuma.

Mkuu wa ofisi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili aliyewahi kufundisha hesabu sekondari. Wafanyakazi wote tisa wanamwita Mwalimu, pamoja na wale waliomzidi umri. Ndiye aliyeamua kwamba mchezo huu hautakuwa na mshale.

Kwa msomaji ambaye wajukuu hawajamfundisha: katika michezo ya namna hii, mara nyingi kuna mshale unaong'aa juu ya kioo na kiramani kidogo kwenye kona. Mshale unakwambia pita huku, pinda kule, umefika. Huna haja ya kujua ulipo.

"Mlima ule tuliuchora miezi saba," anasema Mwalimu, akiugusa kwenye kioo kama mtu anayemwonyesha mgeni mtoto wake. "Mchoraji mmoja alikaa wiki nzima kwenye mwamba mmoja. Kisha tukaweka kiramani kwenye kona, kidogo kama kisoda cha soda. Tukawaita watu wacheze. Unajua walitazama nini? Kisoda! Ni sawa na kumwalika mtu harusini akashinda anatazama saa ya ukutani."

Anachotaka yeye ni mtu azame. "Chai yake ipoe. Aitwe asisikie. Akitaka njia atazame moshi unatokea wapi, asikilize mto, awaulize wenyeji. Mwenye mshale hatembei. Anatembezwa."

Kwa kazi hiyo alihitaji mtu mmoja ambaye njia zimekaa damuni mwake. Akamkumbuka mpeleka vifurushi.

Miaka kumi na tisa Dira alibeba vifurushi mgongoni: viatu, dawa, barua za mahakama, na safari moja meno ya bandia ya mzee aliyeyasahau kwa mkwewe. Mitaa aliyopewa, nyumba nyingi hazikuwa na namba. Zilizokuwa nazo, namba zenyewe zilikuwa hazisalimiani: saba iko kando ya arobaini, na arobaini ina pacha wake ng'ambo ya barabara. Dira alifika. Mvua inyeshe, jua liwake, alifika, amevaa kofia yake ya sufu iliyofunika masikio. Nyumbani kwa Mwalimu alifika mara nne, na mkaguzi wa umeme mwenyewe hajawahi kufika hata mara moja.

"Mtu kama huyo humwachi apite," anasema Mwalimu. Goti la Dira lilipokataa ngazi, alimpa kiti.

Ukimuuliza Dira siri ya kutafuta njia, macho yanamng'aa.

"Muulize mtu," anasema. "Akinyoosha kidevu, amini, huko ameshafika. Akinyoosha mkono mzima, anakisia. Akikwambia 'hapo tu, mbele kidogo, utaona mwenyewe', huyo mshukuru, bibi, kisha muulize mwingine. Hajui. Anaona haya kusema hajui."

Anasema hivyo, kisha anatazama sakafu. Sababu ya kutazama sakafu inajulikana na ofisi nzima.

Siku yake ya kwanza kazini, miezi minne iliyopita, aliingia katika bonde hilihili la matete akakaa humo saa tatu. Alizunguka kisima kama ng'ombe wa kinu cha kukamulia mafuta. Nyuma yake walikuwa wachoraji, vijana waliokwisha kuambiwa kwamba leo anakuja mtu asiyepotea. Shati lilimganda mgongoni.

Mwalimu akapita. "Vipi, Dira?"

"Salama, Mwalimu. Naangalia mandhari."

"Nilijisikia kama mtu aliyeingia choo cha wanawake akasikia wanakuja," anakumbuka. "Kutoka huwezi, kukaa huwezi."

Upo mshale wa siri unaobaki kwa ajili ya mafundi, unawashwa kwa kitufe kimoja. Dira alikitazama kitufe kile. Akatazama nyuma. Akakibonyeza. Mshale wa dhahabu ukawaka, tarishi akatoka kwenye matete kwa dakika mbili, na Dira akaandika kwenye daftari: Nimefika bila shida.

Wiki kumi na moja aliandika hivyo hivyo.

Mwalimu alisoma daftari lile kwa furaha. Kumbe nchi yake inasomeka! Akampa Dira kazi ya heshima zaidi: aandike maneno ambayo wenyeji wa vijiji vyote watamwelekeza nayo mchezaji. Nani anajua kuelekeza kumshinda yeye?

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kimyakimya. Vijiji ambavyo Dira alivifikia kwa macho yake aliviandikia maneno matamu. Msaga nafaka wa kijiji cha kwanza anamwambia tarishi: "Shuka na mto. Ukisikia jiwe la kusagia la ndugu yangu, unakaribia. Ukiacha kulisikia, umempita, na yeye ni mwepesi wa kununa." Lakini vijiji alivyofikishwa na mshale hakuvijua. Alikuwa amepita humo akitazama dhahabu inayong'aa juu ya kioo. Hakuona mti wala jiwe. Sasa mwenyeji aseme nini?

Wenyeji kumi na wanane kati ya arobaini na watatu walipewa maneno yaleyale: "Hapo tu, mbele kidogo, utaona mwenyewe."

Jumamosi moja watu thelathini walialikwa kuujaribu mchezo. Mfadhili alikuwapo, amevaa tai. Wafanyakazi waliruhusiwa kuleta jamaa, na Dira alimleta mkewe, ambaye kwa dobi na sokoni amejulikana kwa msemo mmoja: mume wangu hapotei.

Saa ya kwanza watu walicheka na kushangaa mlima. Saa ya pili ukumbi ukapoa. Saa ya tatu matarishi thelathini wenye majoho ya kijani walikuwa wanazunguka kisima kimoja. Karani mmoja mstaafu aliweka kishikio chini akavaa viatu vyake. Mfadhili alitazama saa.

Mke wa Dira hakukata tamaa. Alimkuta mfinyanzi wa kijiji cha matete, akamuuliza njia ya kwa malkia. Mfinyanzi akamjibu: "Hapo tu, mbele kidogo, utaona mwenyewe."

Mama yule akapiga kofi pajani. "Ah! Huyu si mume wangu huyu?" alisema kwa sauti, akicheka hana habari. "Baba Mapacha! Umemfundisha mfinyanzi uongo wako! Jamani, mkimuuliza huyu bwana kitu asichokijua, jibu ndilo hilo. Mkaa uko wapi? Hapo tu. Risiti ya maji? Hapo tu. Miaka ishirini na miwili naishi hapo tu!"

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alikwenda kwenye kompyuta ya Dira akafungua mahali mashine inapoweka kumbukumbu za kila kitufe. Mashine haina haya. Ilisema mshale umewashwa mara mia tatu na kumi na mbili.

"Nilikuwa nimeshika sahani ya biskuti za wageni," anasema Dira. "Sikujua niiweke wapi. Mpaka leo sikumbuki niliiweka wapi."

Mkewe alipoelewa alichokifanya, kicheko kilimkauka. "Kama ningejua ni kazi yake, ningekufa na maneno yangu," anasema. "Nimemwaibisha mume wangu mbele ya watu wenye tai."

Dira alitegemea kufukuzwa. Hakufukuzwa, na anasema kufukuzwa kungekuwa nafuu. "Angenitukana ningepona. Alininunulia daftari jipya."

Mwalimu anayakumbuka maneno aliyomwambia alipompa daftari hilo. "Nilimwambia, baba, wewe peke yako katika jengo hili unalipwa kwa kukosea. Sisi wengine tukikosea tunakatwa. Na kosa lako ndilo ulilonificha."

Mfadhili ametoa nafasi moja. Jumamosi ijayo watu walewale thelathini watarudi. Wasipofika angalau ishirini mlangoni kwa malkia, mshale unawekwa kwenye mchezo moja kwa moja, na kisoda chake kwenye kona. Kazi ya miaka minne ya Mwalimu itatazamwa kupitia kisoda hicho. Na mshale ukirudi, wa kupotea anahitajika wa nini?

Basi Dira anapotea kwa bidii. Katika wiki tano amejaza kurasa sitini na moja. Majibu kumi na matano kati ya yale kumi na manane ameshayaandika upya. Mwandishi alisomewa moja, la mama muuza chumvi: "Usifuate njia, fuata mbuzi. Njia ilihamishwa na mafuriko, mbuzi hawajaambiwa."

"Hao mbuzi walikuwapo siku zote," anasema Dira, akiwaonyesha kwenye kioo, weupe wanne wanaopanda mwinuko. "Kuna kijana hapa aliwachora mpaka ndevu. Nilipita katikati yao mara ishirini na mshale usoni. Sikuwaona. Nilipozima mshale, nikakaa pale nimepotea saa nzima, nikasema hawa nao wanakwenda wapi? Kumbe wanapajua pakavu."

Chai yake, mwandishi alishuhudia, ilikuwa imepoa.

Saa saba mchana mkewe anaingia na bakuli lililofungwa kwa kitambaa. Mikono yake ina harufu ya mvuke na sabuni.

"Umepotea mara ngapi leo, Baba Mapacha?"

"Nne."

"Hongera. Na mfuniko wa sufuria kubwa uko wapi?"

"Upo hap..." Anajiuma ulimi. Anashusha pumzi. "Sijui, Mama Mapacha."

Mkewe anawageukia wachoraji. "Mmesikia? Tangu anioe, hii ni mara ya pili. Ya kwanza ilikuwa wiki jana, nikadhani anaumwa."

Wakati mumewe anakula, mama huyo anakaa karibu na mwandishi na kumtobolea lililo zito kuliko yote. Kofia ile ya sufu, anasema, haikuwa ya baridi.

Dira anasikia. Anaacha kula.

"Acha niseme mwenyewe," anasema.

Miaka ya mwanzo, anaeleza, aliuliza watu kweli. Kila geti alilijua kwa mbwa wake. Kisha zikaja simu zenye ramani inayosema. Akaweka kisikilizio sikioni, akavuta kofia juu yake, na kwa miaka mitano ya mwisho sauti ya mwanamke asiyemjua ilimwongoza nyumba kwa nyumba, huku watu wakimsifia akili.

Siku moja simu ilizima. Alikuwa katika mtaa aliouingia kila Jumanne, amebeba mkongojo wa mzee mmoja. Mbwa wote walikuwa wameshabadilika. Barabarani watu walikuwa wengi, neno moja tu lingetosha. Lakini Dira aulize njia? Alisimama, akajifanya anafunga kamba za viatu, kisha akaandika kwenye karatasi ya kifurushi: Mwenyeji hayupo.

"Nilipoinua kichwa, mwenyeji yuko dirishani ananipungia mkono," anasema. "Nilimwona ananiona. Nikaondoka na mkongojo wake."

Alimrudishia?

"Alipelekewa na mwenzangu, wiki iliyofuata. Mimi sikurudi mtaa ule." Anafunika bakuli. "Andika, bibi. Andika yote. Waliokuwa wananisifu wanunue gazeti."

Tumaini lake sasa si kubwa. Anataka mtu mmoja, hata akiwa yule karani mstaafu, atoke kwenye kinu cha msaga nafaka mpaka mlangoni kwa malkia kwa macho na masikio yake, na akifika asijue kwamba kuna mtu alipotea kila hatua kwa niaba yake. Amebakiza majibu matatu. La mfinyanzi wa matete ndilo gumu, na siku ni tatu.

"Nitalipata," anasema. "Kwa sababu siku hizi napotea kwa haki. Hata mtaani nimeacha mambo ya simu. Nikikwama nauliza mtu. Sioni haya tena, bibi. Kichwa kinaingia hewa."

Mwalimu, aliyekuwa akipita, alimgusa bega. Dira alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Saa tisa, mwandishi aliaga. Akasema anapitia kwa fundi miwani, duka lililohamia karibuni, na kwamba hajui liko upande gani. Dira alisimama papo hapo na kuvaa viatu. Goti au si goti, mgeni lazima asindikizwe.

"Unapajua?" mwandishi aliuliza.

"Nisipajue tena? Ni hapo tu, bibi."

Nje jua lilikuwa linachoma mpaka lami inanata. Dira alitoa mfukoni kofia ya sufu, akaivaa, akaivuta mpaka chini ya masikio.

"Baridi?" mwandishi aliuliza.

"Mazoea."

Wakatembea. Kwa mtu mwenye goti bovu, alitembea kwa uhakika wa ajabu. Alipita duka la vipuri, akapinda kushoto bila kusita, akavuka, akapinda tena. Mama mmoja anayeuza vocha alimsalimia, naye akaitikia bila kumuuliza lolote. Mwandishi alimfuata na kumsifu kwa sauti kwamba kweli jina la Dira halikukosewa. Kila sifa ilimfanya aongeze mwendo.

Kwenye kona ya tatu kamba ya kiatu ililegea. Dira aliinama kuifunga. Kofia ikasogea, uzi mweusi uliotoka sikioni ukachomoka mfukoni, na mfuko wa suruali yake ukasema kwa sauti safi ya kike, ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara: "Umepita unakokwenda. Geuka nyuma."

Dira alibaki ameinama. Shingo yake ilibadilika rangi.

"Umepita unakokwenda," mfuko ulirudia. "Geuka nyuma."

Aliitoa simu akaifunika kwa viganja vyote viwili. "Hii si yangu, bibi," alisema, bado anatazama kiatu. "Ni ya mke wangu. Aliniachia bakuli, akaniachia na simu. Mwanamke yule anasahau sana."

Mwandishi alisema ni kweli, wake husahau.

Hapo simu ikaita, na viganja vyake vikafunguka. Miwani ya mwandishi ilikuwa bado kwa fundi, lakini maandishi kwenye kioo yalikuwa makubwa, ya mtu ambaye macho yake nayo yameanza kuchoka. Anayepiga alikuwa Mama Mapacha.